Siku Nne Chini ya Mlima Kenya

Neno "mapumziko" lina historia yake. Huku kwetu Mbozi Mission, mtu mzima aliyesema anapumzika alikuwa ama mgonjwa, ama ametua mzigo njiani. Hatukujua kwamba wapo watu wanaosafiri mbali kuifuata baridi, tena wakailipia. Baridi kwetu ni ya bure. Mwezi Julai ukungu hushuka, kahawa imeiva, na vidole vya wachumaji hufa ganzi asubuhi. Mama yangu alichuma kahawa katika baridi hiyo, na kwetu mlima ulikuwa mahali pa kazi.

Julai 2014 mpwa wangu, ambaye alikuwa na kazi Nairobi, alinilipia siku nne katika Hoteli ya Outspan, Nyeri. "Mjomba," alisema, "umefundisha miaka thelathini na sita. Sasa kaa uhudumiwe." Nikakaa. Kulikuwa na moto wa kuni, majani ya bustani yaliyokatwa vizuri, na Mlima Kenya uliojificha mawinguni karibu muda wote. Lakini mwalimu wa historia hapumziki kirahisi.

Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1928 na Mwingereza Eric Sherbrooke Walker na mkewe. Wakati ule wakoloni waliamini kwamba joto la tropiki linaidhoofisha miili yao, kwa hiyo walitafuta miinuko. Wajerumani nao walikuwa wametangulia kufanya hivyo Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal. Mwaka 1932 Walker alijenga Treetops, kijumba juu ya mti msituni, ili wageni wake watazame wanyama usiku. Mwaka 1938 Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alijengewa nyumba ndogo katika uwanja wa Outspan. Aliiita Paxtu. Pax ni Kilatini, maana yake amani. Nasi wa Kiswahili tukilisoma jina hilo tunapata "amani tu". Alifariki humo Januari 1941, akazikwa Nyeri.

Amani hiyo haikukaa. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alilala Treetops, na usiku huohuo baba yake alifariki Uingereza. Alipanda mtini binti mfalme, akashuka malkia. Kisa hiki husimuliwa kwa kila mgeni. Ila kabla mwaka haujaisha, mwezi Oktoba, serikali ilitangaza hali ya hatari, na msitu uleule wa Nyandarua ukapata wageni wa aina nyingine: wapiganaji wa Mau Mau, waliolala chini bila blanketi, wakidai ardhi yao. Mwaka 1954 Treetops ilichomwa moto. Ikajengwa upya mwaka 1957, mwaka uleule ambao Dedan Kimathi, aliyehukumiwa Nyeri, alinyongwa Kamiti na kuzikwa gerezani bila alama.

Siku ya tatu nilizungumza na mzee mmoja mtunza bustani. Aliponisikia nikimtaja Malkia alicheka kidogo.

"Mwalimu, usiku huo nilikuwa mtoto mdogo. Ninachokumbuka mimi ni handaki. Tulihamishwa kwa nguvu, tukatiwa katika kijiji chenye handaki na miti iliyochongwa. Mama yangu ndiye aliyelichimba, yeye na wenzake."

Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji vya namna hiyo. Nikamuuliza kama haoni uchungu kufanya kazi hapa. Akanijibu kwamba maua hayana kosa, na kwamba watoto wake wanne wamesoma kwa mshahara wa maua hayo.

Jibu lake limekaa nami muda mrefu. Jioni ile ukumbi ulijaa familia za Kiafrika kutoka Nairobi, watoto wakikimbia huku na huku, bibi mmoja akiagiza chai kwa sauti ya mwenye nyumba. Nilifurahi kuwaona. Ardhi iliyopiganiwa lazima siku moja iwape wenyewe nafasi ya kukaa na kuitazama tu. Hata hivyo, kila raha ya mtu mmoja ina mtu mwingine aliyeko kazini. Anayepumzika asimsahau huyo, na aulize pia mama yake alichimba nini. Mama yangu hakupata hata siku moja ya kuutazama mlima bila kapu kiunoni. Zile siku nne nazihesabu kuwa zake.