Soma kibati cha mota kabla ya kuunganisha stima

MOTA ya mashine yaweza kuungua siku ile ile inapowashwa, si kwa ubovu wake, bali kwa kupewa volti zisizo zake.

Nchini Kenya, umeme wa fezi tatu huwa na volti 415 kati ya fezi moja na nyingine, na volti 240 kati ya fezi yoyote na waya wa nyutro. Masafa yake ni hezi 50. Mwenye mashine ya kukereza vyuma, msumeno wa mbao au kinu cha kusagia mahindi hana budi kulinganisha vipimo hivi na vilivyoandikwa kwenye kibati cha mota.

Kibati kikisema 230/400, maana yake ni kwamba kila koili imeundwa kubeba volti 230 hivi. Mota hiyo huunganishwa kwa mtindo wa nyota, ili kila koili ipate volti 240. Fundi akiiunganisha kwa pembetatu, kila koili hubebeshwa volti 415 nzima na kuungua baada ya muda mfupi.

Mota ya 400/690 ni kinyume chake. Hii hufanya kazi kwa pembetatu, na nyota hutumika tu wakati wa kuiwasha. Ikiachwa kwenye nyota, nguvu yake ya kuzungusha hushuka hadi thuluthi moja. Ikipewa kazi nzito hulemewa, hupata moto na mwishowe kuharibika.

Mashine kuukuu kutoka ng'ambo zahitaji uangalifu zaidi. Nyingi za Japani hutumia volti 200, hivyo huhitaji transfoma ya fezi tatu. Za Marekani huundiwa hezi 60, na transfoma haibadilishi hezi. Mota iliyokusudiwa mizunguko 1,800 kwa dakika hushuka hadi 1,500 hivi inapotumia hezi 50.

Karakana yenye fezi moja pekee yaweza kutumia kifaa cha kielektroniki kinachogeuza volti 240 za fezi moja kuwa fezi tatu. Hata hivyo, kifaa cha kawaida cha aina hii hakipandishi volti. Kwa hivyo ile mota ya 230/400 ndiyo ifaayo, na hapa sasa huunganishwa kwa pembetatu.

Hatari nyingine ni fezi moja kukatika mota ikiwa kazini. Mota huendelea kuzunguka kwa fezi mbili, ikivuta umeme kupita kiasi. Swichi yenye kinga ya kuikata upesi ni rahisi kuliko kusuka koili upya.

Kabla ya kuwasha, fundi aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) apime volti kati ya fezi zote tatu. Mota ikizunguka kinyume, umeme ukatwe kwanza, kisha fezi mbili zibadilishane nafasi.