Kanumba na Watu wa Maduara

Historia ya Shinyanga tuliyofundishwa darasani ilikuwa historia ya mawe. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui. Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ukaanza kutoa dhahabu, na mwaka uliofuata ukaja wa Bulyanhulu, Kahama. Steven Kanumba hakutajwa, ingawa alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984 na kusoma sekondari hapohapo Mwadui.

Kanumba alihamia Dar es Salaam, akaingia Kaole Sanaa Group, akaigiza tamthilia za televisheni, kisha akageukia filamu. Oprah ilitoka 2008, Uncle JJ 2010. Wasomi walizibeza filamu za Bongo za miaka ile: kila siku mapenzi ya tajiri na fukara, machozi, majumba yenye geti, yote kuiga Wanigeria. Kuiga kulikuwepo kweli.

Lakini mimi nilizitazama Katoro, kwenye banda umiza, nikiwa nimebanwa katikati ya wachimbaji wadogo. Pale, mapenzi ya watu wasiolingana hayakuwa ndoto ya kuazima. Duara likitema, kijana aliyelala njaa Jumatatu anaposa Ijumaa. Likigoma, mke anarudi kwao. Msukuma, Muha na Mkurya, ambao wazazi wao wasingekutana kamwe, walipanga chumba kimoja na kuitana mume na mke. "Ananipenda mimi au mfuko wangu?" Swali hilo la kwenye filamu walilibeba hadi nje, wakabishana mpaka usiku: nani kakosea, nani arudishe mahari.

Ndiyo maana nazihesabu filamu hizi kuwa nyaraka. Kampuni zilipima dhahabu kwa wakia na kuandika. Hofu ya mchimbaji, kwamba mapenzi yataisha pamoja na mshipa wa dhahabu, haikupimwa na mtu. Ilibaki kwenye hadithi alizochagua kulipia kiingilio.

Machi 2012 Geita ilifanywa mkoa, ikachukua Bukombe kutoka Shinyanga. Mwezi uliofuata, tarehe 7 Aprili, Kanumba alifariki Dar es Salaam akiwa na miaka 28, na umati mkubwa ukamzika Kinondoni. Mpaka ule mpya umechorwa kwenye kila ramani. Filamu nyingi za wakati ule ziko kwenye CD zilizokwaruzika, chini ya makabati ya watu. Ukiikuta moja nyumbani kwa mjomba wako, usiitupe.