Trela ya jua kali na mafuta ya akiba: Manufaa na hatari zake

MILOLONGO ya magari iliyoshuhudiwa katika vituo vya petroli mnamo Aprili 2022, serikali ilipochelewa kuwalipa wauzaji mafuta fedha za ruzuku, ilidhihirisha jinsi shughuli za nchi zinavyoweza kukwama kwa siku chache tu. Mapema 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilitatiza usafirishaji wa mafuta hadi magharibi mwa Kenya, Uganda na Rwanda. Nayo mafuriko ya 2024 yaliharibu barabara na madaraja mengi.

Ndiposa baadhi ya familia, hasa za wakulima, huweka mafuta ya akiba ya jenereta na pampu za maji, na kumiliki trela ndogo ya kuhamishia mizigo. Vyote viwili vyaweza kuandaliwa nyumbani, ila kosa dogo laweza kugharimu maisha.

Kuunda trela

Mafundi wa jua kali hutumia ekseli ya gari kuukuu, jinsi wafanyavyo wanapounda mikokoteni. Fremu huwa ya vyuma vyenye umbo la herufi L vilivyochomelewa pamoja, kisha sakafu ya mbao au bati zito hufungwa juu yake. Ni vyema springi za ekseli ziachwe ili kupunguza mtikisiko.

Jambo kuu ni mgawanyo wa uzani. Ekseli huwekwa nyuma kidogo ya katikati ya sakafu, na takriban asilimia 60 ya mzigo hupangwa mbele yake. Kiungo cha kuvutia hubeba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzani wote. Trela yenye uzani wa kilo 500 pamoja na mzigo, basi, hukilemea kiungo kwa kilo 50 hadi 75. Mzigo ukirundikwa nyuma, trela huyumba kasi inapoongezeka na yaweza kulipindua gari.

Minyororo miwili hupishanishwa chini ya kiungo ili kikikatika, trela isichomoke. Taa za breki, taa za kuashiria na viakisi mwanga ni lazima. Aidha, trela inayotumiwa barabarani huhitaji kusajiliwa. Nambari za usajili wa trela nchini Kenya huanza kwa herufi Z.

Kuhifadhi mafuta

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko au cheche. Kwa sababu hiyo, petroli haipaswi kuwekwa ndani ya nyumba, bali katika banda lililojitenga, lenye kivuli na hewa ya kutosha, mbali na watoto.

Mitungi ifaayo ni ya chuma au ya plastiki iliyoundwa mahususi kwa mafuta, yenye kifuniko kinachokaza. Isijazwe pomoni kwa kuwa mafuta hufura kunapokuwa na joto. Wakati wa kujaza, mtungi huwekwa ardhini, si ndani ya trela, ili kuzuia cheche za umeme tuli. Petroli isichanganywe na mafuta taa ya jikoni, kwani jiko laweza kulipuka.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini petroli huharibika. Yafaa itumiwe katika muda wa miezi sita hivi, kisha akiba mpya iwekwe. Dizeli hudumu zaidi, ila ikiingiwa na maji huota viini vinavyoziba chujio.

Moto ukizuka, maji hayafai kwa sababu petroli huelea juu yake na kuusambaza. Mchanga au kizimamoto cha unga au povu ndicho kinga ya moto mdogo. Ukiwa mkubwa, watu wote waondoke.

Mikasa ya Sachangwan, Januari 31, 2009, na mtaa wa Sinai jijini Nairobi, Septemba 12, 2011, iliyoua watu wengi waliokimbilia mafuta yaliyomwagika, ni ushahidi kwamba petroli haina msamaha. Lita 20 zilizotunzwa vyema zaweza kuokoa familia. Zilizofichwa chini ya kitanda zaweza kuiteketeza.