Kughilibiwa si kuibiwa: Asili na matumizi ya kitenzi ‘ghilibu’

JUMA lililopita shangazi yangu alipigiwa simu na mtu aliyejidai kuwa polisi. Aliambiwa kwamba mwanawe yumo korokoroni na angeachiliwa mara tu Sh6,000 zikitumwa kwa nambari fulani. Akatuma. Kumbe mwana yuko kazini, salama salimini.

Nilimsindikiza kupiga ripoti. Afisa aliyekuwa zamuni alimuuliza: “Mama, uliibiwa ama ulipeana?”

Shangazi aliinamisha kichwa. “Nilipeana,” akasema.

Swali hilo lilinikera kwa sababu Kiswahili kina jibu la tatu: ghilibu.

Kughilibu ni kupata kitu cha mtu kwa hila. Mwizi huchukua wakati mwenye mali haoni. Mnyang’anyi huchukua mwenyewe akiona, ila kwa nguvu. Anayeghilibu hachukui, hupewa. Vijana wetu humwambia aliyepatikana na mkasa huo: “Umechezwa!” Nomino yake ni ghiliba. Tena, anayeghilibiwa ni mtu, si mali. Kwa hivyo badala ya kusema “alighilibu pesa zangu”, ni bora tuseme “alinighilibu, nikampa pesa zangu”.

Neno hili tulilipata kutoka kwa Kiarabu, ambako kitenzi ‘ghalaba’ maana yake ni kushinda. Huko halina aibu yoyote. Wafalme Waislamu wa Granada, Uhispania, waliandika kwenye kuta za kasri la Alhambra kwamba hapana mshindi ila Mungu, na mzizi uliotumika ni huo huo. Mshairi maarufu wa Kiurdu, Mirza Ghalib (1797-1869), alijichagulia jina hilo la ushairi lenye maana ya mshindi.

Katika Kiswahili, mzizi huo umezaa ndugu kadhaa. ‘Aghalabu’ ni mara nyingi, kwa maana kilicho kingi hukishinda kilicho kichache. ‘Mghalaba’ ni ushindani, hasa wa kibiashara. Ni ‘ghilibu’ tu aliyeharibika tabia: ushindi upo, lakini umepatikana kwa ujanja.

Historia yetu inao mfano. Mnamo 1904, Wamaasai walitia alama kwenye mapatano na Waingereza. Waliacha malisho ya Bonde la Ufa, nao wakaahidiwa Laikipia kwa muda wote ambao jamii yao ingeendelea kuwapo. Miaka saba tu baadaye, mnamo 1911, karatasi nyingine ikaletwa, na Laikipia nayo ikawatoka. Ole Njogo na wenzake walipokwenda kortini mnamo 1913, kesi ilitupwa. Mahakama ilisema kwamba yale yalikuwa mapatano baina ya dola na dola, hivyo haikuwa na uwezo wa kuyaamua.

Je, Wamaasai waliibiwa ama walipeana? Ukisoma karatasi peke yake, utadhani walipeana. Ukitazama ahadi ilivyovunjwa, utaona ghiliba, kisha kuhamishwa kwenyewe kukawa unyang’anyi.

Hata sheria yetu inaitambua tofauti hii. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza wizi, ilhali kifungu cha 313 kinamwadhibu anayejipatia mali kwa kisingizio cha uongo. Anaweza kufungwa miaka 3. Watangazaji wetu nao huzunguka mbuyu: “alijipatia pesa kwa njia ya udanganyifu.” Si makosa, lakini kitenzi kimoja kingetosha.

Tofauti hii si ya wanaisimu pekee. Anayeambiwa “ulipeana” hubeba lawama ya mkosaji. Anayeambiwa “ulighilibiwa” hurejeshewa heshima yake, na kosa likabaki kwa mwenyewe.

Tukirudi nyumbani nilimwambia: “Shangazi, wewe hukupeana. Umeghilibiwa.”

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Na yule afisa, hilo neno analijua?”