Tarakilishi Kuukuu: Maelezo Anayohitaji Fundi

Mfanyabiashara wa miraa mjini Kangeta, Kaunti ya Meru, anayetaka ushauri wa kuboresha tarakilishi kuukuu, asimwendee fundi na malalamiko kwamba "inajikokota" pekee. Ataje modeli, kazi yake na fedha alizo nazo. Kumbukumbu ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3. Akikosea kununua, amepata hasara. Mara nyingi SSD badala ya diski ya kuzunguka ndiyo huleta nafuu kubwa.

Hata hivyo, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za kabla ya 2015 hazina. Hizo zaweza kuwekewa Linux, mfumo usiolipiwa.