Risasi Iliyogeuka Dadu

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: risasi ni metali nzito ya kijivu, na risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Leo tunazihitaji maana zote mbili, maana kitu ninachotaka ukishike kiganjani kilianza kama risasi kweli kweli, kikaishia kuwa dadu.

Ni kijidude kidogo tu, lakini ukikipokea mkono unashtuka kwa uzito. Pande hazilingani. Vitobo vya namba vimechimbwa kwa ncha ya kisu au msumari, vingine vimekaa upogo. Juu kuna utando mweupe kama chokaa, na hivyo ndivyo risasi inavyozeeka ardhini. Dadu za namna hii zimefukuliwa kwenye kambi za wanajeshi wa Vita vya Uhuru vya Marekani, vilivyopiganwa 1775 hadi 1783.

Tutajuaje kwamba ilikuwa risasi ya bunduki na si kipande chochote cha metali hiyo? Twende na hesabu kidogo. Bunduki ya Waingereza iliyojulikana kama Brown Bess ilitumia goroli ya risasi yenye kipenyo cha milimita 17.5 hivi. Tafuta ujazo wa tufe hilo, zidisha kwa gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, unapata kama gramu 32. Sasa ligongegonge liwe mchemraba bila kupoteza hata chembe: kila upande utatoka milimita 14. Basi dadu ya milimita 14 yenye gramu 32 ina kesi ya kujibu. Iliyo ndogo zaidi huenda ilipunguzwa kwa kisu, au ilitokana na bunduki nyingine. Wala kazi hiyo haikuhitaji fundi. Risasi ni laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha, na huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo moto wa kuni unalifikia bila taabu.

Lakini askari aharibu risasi kwa ajili ya mchezo? Ngoja nikupeleke Valley Forge, Pennsylvania. Desemba 1777 jeshi la George Washington, watu wapatao 12,000, liliingia pale kukaa majira ya baridi. Hapakupiganwa vita pale. Hata hivyo karibu watu 2,000 walikufa, na kilichowaua ni maradhi. Tarehe 8 Januari 1778 Washington alipiga marufuku karata na dadu, kwa maafisa na askari wa kawaida, bila kisingizio. Amri yenyewe inalalamika kwamba kamari imeanza tena kunyemelea jeshi, maana yake haikuwa mara ya kwanza kukemewa. Mimi amri za kukataza huwa nazisoma kinyume: jambo halikatazwi mara mbili kama watu wameliacha. Jemadari katuachia karatasi. Wengi wa askari wake hawakutuachia hata mstari mmoja, ila wamo waliotuachia hizi dadu.

Shida ni kwamba dadu peke yake haisemi umri wake. Kipimo cha kawaida cha kaboni-14 kinataka kitu kilichowahi kuwa hai: mfupa, mkaa, mbegu. Kwa hiyo mwanaakiolojia hutegemea tabaka la udongo na vilivyolala jirani: kifungo cha koti, kiko kilichovunjika, majivu ya jiko. Mtu akipita na kifaa cha kunasa metali, akaichomoa na kuitia mfukoni, ushahidi wote huo umekwenda na maji.

Hapo kinabaki kidokezo kimoja, nacho ni mpangilio wa namba. Chukua dadu ya ludo uliyonayo nyumbani, jumlisha pande zinazotazamana. Ni 7 kila mara, si ndiyo? Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2017 Jelmer Eerkens na Alex de Voogt walichapisha uchunguzi wa dadu 110 kutoka Uholanzi, kuanzia enzi za Warumi. (Huyu de Voogt ndiye aliyewahi kuwafuata mafundi wa bao Zanzibar kwa ajili ya udaktari wake. Mchezo unampeleka mtu mbali!) Za Kirumi nyingi zilikuwa zimepinda waziwazi. Zile za kuanzia mwaka 1100 hivi aghalabu zilipangwa 1 kwa 2, 3 kwa 4, 5 kwa 6. Kisha karibu na 1450 mambo yakageuka haraka: jumla ya 7 ikatawala, na pande zikaanza kulingana. Watafiti hao wanaona kwamba huenda watu walianza kuitazama bahati kama kitu chenye hesabu, badala ya kuiachia majaliwa. Nakubaliana nao, ingawa nashuku hofu ya kuibiwa nayo ilichangia. Mpangilio hautakupa mwaka kamili, ila utakuambia karne zipi uanze kuzitilia shaka.

Na ukija kukutana na kitu cha namna hii shambani au ufukweni, usikisugue king'ae, kwa sababu utando ule mweupe unakilinda. Kiache pale pale, kipige picha, kawaambie watu wa makumbusho. Kama umeshakigusa, nawa mikono kabla hujala, maana risasi ni sumu hata isipokuwa ndani ya bunduki.