Mfadhili Akiondoka, Nani Hubaki?



Ramadhani ya mwaka 1446 iliingia Machi 2025 na kuwakuta wengi wetu hapa Eastlands na wasiwasi. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump wa Marekani alikuwa ametia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kabla mwezi haujaisha, miradi iliyolipwa na USAID nchini Kenya ikaanza kusimama. Wauguzi, washauri na wahudumu wa mtaani wakaambiwa wakae nyumbani. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo USAID yenyewe ikafungwa.

Kwenye futari moja hapa Njiru kijana mmoja akauliza, "Sasa nani atalipa?" Watu kimya. Mzee mmoja akaweka kikombe chini akasema, "Kwani zamani alikuwa akilipa nani, mwanangu?"

Swali la mzee lina majibu, na moja lipo karibu tu, Kiambu. Mwaka 1929 kulizuka mgogoro mkubwa kati ya misheni na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana. Waliokataa kuikana mila hiyo walifukuzwa katika shule za misheni. (Mila yenyewe hatuitetei hapa, sisi tunatazama hesabu.) Shule za misheni ndizo zilizokuwa zikipata ruzuku ya serikali ya kikoloni, kwa hiyo kuondoka misheni kulikuwa ni kuiacha pesa ya serikali. Watu wakajenga shule zao wenyewe, na Januari 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu Githunguri, chini ya Mbiyu wa Koinange, aliyekuwa amesoma Marekani.

Pesa zilitoka wapi? Zilitoka kwa rika. Kila rika la watu waliotahiriwa pamoja lilichanga kivyake na kushindana na rika jingine. Akina mama nao wakachanga kujenga bweni la wasichana. Angalia vizuri hapo. Mtu hakutoa kwa "chuo" kilicho mbali asichokijua. Alitoa mbele ya wenzake aliokua nao, wanaojua nani ametoa na nani anajificha. Chuo kile hakikufa kwa kukosa pesa. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyokifunga, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952.

Baada ya uhuru mwaka 1963 Mzee Kenyatta akaligeuza neno Harambee kuwa wito wa taifa. Kufikia miaka ya kati ya 1970, shule za sekondari zisizopata ruzuku, nyingi zikiwa za Harambee, zilikuwa zimezidi zile za serikali kwa idadi. Lakini jamani, sote tunajua Harambee ilikoishia. Mgeni wa heshima akaja na bahasha nene, kamera zikamfuata, na mama mwenye shilingi yake 20 akawa mtazamaji. Chifu naye akakusanya mchango kama kodi. Hadi mwaka 2003 ikabidi sheria ya maadili ya maafisa wa umma iwazuie kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Nionavyo mimi, hasara kubwa haikuwa wizi. Mtoaji mdogo alisahau kwamba shule ni yake.

Sisi Waislamu tulipata pigo letu mapema. Baada ya ubalozi wa Marekani Nairobi kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, serikali ilifuta usajili wa mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu. Mwaka 2004 Saudi Arabia nayo ikatangaza kulivunja shirika la Al-Haramain. Kule Pwani, misikiti mingi ilikuwa na wakfu wa nyumba, maduka na mashamba yaliyowekwa na watu binafsi, na kodi yake ikatunza msikiti miaka na miaka. Huku bara wengi wetu tulikuwa tumezoea kungoja kontena kutoka nje.

Machi 2007 M-Pesa ikaja, na mwaka 2011, njaa ilipouma Kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya ilikusudia kukusanya shilingi milioni 500 kwa wiki nne. Lengo likapitwa, na waliochanga walikuwa pamoja na watu wa kawaida wenye simu za kawaida. Ila ile ilikuwa njaa ya kwenye televisheni. Mwezi ambao hakuna picha ya kuliza watu ndio mtihani.

Sisi wenyewe tuliuonja. Shirika moja lililokuwa likilipia karo ya mayatima wetu wachache lilituandikia barua ya kuaga. Tukafungua daftari. Mwezi wa kwanza majina yalijaa kurasa nne. Mwezi wa tatu hayakujaza hata moja. Ndipo mzee yule yule wa futarini akatuambia tuwagawe watu kwa darasa walilosoma madrasa, kila darasa na mkusanyaji wake. Majina yakaanza kurudi. Kila mwezi hesabu inabandikwa mlangoni. Mwezi mmoja tuliandika wazi kwamba tumetuma pesa kwa namba isiyo sahihi na hazikurudi. Tulidhani watu watakimbia. Hawakukimbia.

Tusidanganyane lakini. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, ambazo Wakenya zaidi ya milioni moja wanazihitaji kila siku, haziwezi kununuliwa kwa daftari la Njiru. Hilo ni deni la serikali, na kodi tunalipa. Tunachoweza ni nauli ya mgonjwa kwenda kliniki, unga wa mwezi, karo ya mtoto. Zaka nayo ina makundi yake manane, kwa hiyo tumeitengea ukurasa wake ili isichanganyike na sadaka ya kulipia kodi ya chumba.

Ramadhani daftari halina shida, linajaa. Tunaogopa Shawwal, watu wakishavaa nguo za Idi na shule zikitaka karo. Mwekahazina hukaa karibu na mlango wa akina baba baada ya tarawehe, na dada mmoja hukaa upande wa akina mama. Mwaka huu wamepiga mistari kurasa za miezi yote 12, na ya Shawwal bado ni nyeupe.